Ile pesa nitumie kwenye namba hii

Kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu kipo Konde, Pemba, karibu na soko, upande ule zinakosimama gari za Chake kungoja abiria. Nilikifungua mwaka 2013 kwa laini moja na meza ya kuazima. Leo nina laini za mitandao minne, daftari la miamala lenye madoa ya mafuta ya sambusa, na kazi nyengine ambayo hapana aliyeniajiri: kuwasomea watu meseji. Huja mzee na kitochi chake, amekishika kwa ncha za vidole kama aliyeshika kaa, akanambia, "Hebu mwanangu nitazamie, hawa wananitaka nini?" Nikitazama, mara nyingi hata mstari wa kwanza sijaumaliza nishajua wanamtaka nini.

Mwanangu anayesoma Unguja ndiye aliyenishika niyaandike haya. Kila akija likizo hunikuta nayarudia yale yale kwa watu mbalimbali mpaka sauti imenikauka. Haya basi.

Neno "ile"

Nianze na meseji ambayo sidhani kama kuna mwenye simu nchi hii hajaipata: "Ile pesa nitumie kwenye namba hii, laini yangu ina matatizo. Jina litakuja la mke wangu." Watu huicheka. Mie siicheki, maana nimeona inavyofanya kazi, na huyo aliyeitunga mwanzo alikuwa anakijua Kiswahili barabara.

Litazame hilo neno "ile". Huwezi kumwambia mtu "ile pesa" ila iwe mimi na wewe tunaijua. Yeye haijui. Katuma kwa namba chungu nzima za watu asiowajua. Kiasi hakutaja, jina lako hakutaja, lake hakutaja. Lakini katika hao wote hakosi mmoja ambaye asubuhi hiyo hiyo kamuahidi fundi, au mwenye nyumba, au shemegi yake, kuwa mchana atamtumia pesa. Kwa huyo mmoja "ile" hujijaza yenyewe. Tapeli kaacha pengo, na wewe mwenyewe umelijaza kwa jina na kiasi.

Nilimuona kwa macho yangu mama mmoja anayejenga. Alikuwa anadaiwa 85,000 za kupaua. Kaja saa nne asubuhi, pesa kazifunga kwenye ncha ya kanga, kanipa na simu: "Mtumie fundi kwa namba hii." Nikamuuliza, "Hii ndiyo namba ya fundi?" "Ndiyo, kaniandikia sasa hivi." Nikamwambia, "Bi, mpigie kwanza kwa ile ya zamani." Kanuna kidogo, lakini kapiga. Ikaita sana. Fundi alipopokea tulisikia nyundo nyuma yake: "Meseji gani? Mie nipo juu ya bati tangu asubuhi, simu ilikuwa chini kwenye shati, kanipandishia kibarua sasa hivi ilipolia." Yule mama alikaa kwenye benchi langu muda mrefu, anazihesabu zile noti kana kwamba zimepungua.

Halafu lile "jina litakuja la mke wangu". Unapotuma pesa, kabla hujathibitisha, simu hukuonesha jina la mwenye namba unayemtumia. Hicho ni kizuizi kizuri, na tapeli anakijua kuliko wewe. Ndiyo maana anakupa habari mapema. Jina geni likitokea, badala ya kushtuka unasema, "Naam, kanambia." Kakujibu kabla hujauliza. Kwangu mie hakuna alama kubwa kuliko hiyo: meseji inayokutayarisha usishangae jambo ambalo ungelishangaa, hapo hapo simamisha mkono.

Dawa yake ni nyepesi. Usijibu meseji, usipige namba iliyoileta. Mpigie unayedhani ndiye aliyekuandikia, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Hapatikani? Ngoja. Deni lililokaa wiki mbili halitaoza kwa kungoja mpaka laasiri.

Unasubiri nini wakati huu?

Watu wanapenda kusema kuwa wanaotapeliwa wana tamaa. Wapo, sikatai. Lakini wengi waliopita kwenye benchi langu hawakuponzwa na tamaa, waliponzwa na kusubiri. Mtu anayesubiri jambo, meseji yoyote inayogusa jambo hilo ataisoma kwa moyo kwanza, macho baadaye.

Kwa hiyo mie naitazama kalenda. Msimu wa karafuu ukiingia najua itakuja meseji ya "malipo yako ya karafuu yamezuiliwa, tuma 12,000 ya uhakiki". Skuli zikikaribia kufunguliwa, zinakuja za ada. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, zinakuja za nafasi za masomo na mikopo. Ramadhani ndiyo usiseme: taasisi ya Uarabuni imechagua jina lako kupewa mchele, tende na pesa taslimu, unatakiwa ulipie usajili tu. Zikitangazwa ajira, yupo "afisa" anayeweza kukuingizia jina kwa 50,000. Na za mkopo wa haraka haziishi mwaka mzima: umekubaliwa milioni mbili bila dhamana, lipa kwanza 15,000 ya kufungulia.

Ukizikusanya zote hizo, zina kitu kimoja: anayetaka kukupa anaanza kwa kukutaka wewe utoe. Kuna bibi mmoja wa Tumbe, mteja wangu, alipata ya "Hongera umeshinda milioni 10, tuma 20,000 ya gharama za kutolea". Nilipomaliza kumsomea akanambia, "Waandikie waikate humo humo kwenye milioni zangu." Sijapata kusikia jibu zuri kuliko hilo, na ninalitumia mpaka leo kwa kila anayenijia na ushindi mkononi.

Kuna zile za Freemason pia, za kukuita ujiunge upate utajiri na kinga. Moja ilimfikia mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa miaka sabini na kitu, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Alitaka nimuandikie jibu refu la kumlingania aliyeituma. Nilimzuia. Ukijibu meseji ya aina hiyo, hata kwa kutukana au kwa kutoa mawaidha, unachomwambia mwenzako ni kwamba namba hii ina mtu na mtu huyo anasoma. Kesho atarudi na nyengine.

Namna nilivyotapeliwa mie

Msidhani naandika kwa kuwa sijawahi kuliwa. Ilikuwa Ramadhani, mwaka wangu wa nne wa kazi. Dakika kama ishirini kabla ya Magharibi, harufu za futari kila upande, mie nishaanza kufunga dirisha. Kaja kijana wa makamo, kofia safi, salamu nzuri. Anataka kutoa 180,000. Nikampa namba ya wakala, akabonyeza simu yake pale pale mbele yangu, na simu yangu ya kazi ikalia. Nikaichukua, nikaona: muamala umethibitishwa, Tsh 180,000, salio jipya Tsh 412,350. Nikahesabu noti, nikampa. Akaniombea dua ya funga njema. Nilisikia pikipiki ikiondoka.

Nilipokuja kuandika kwenye daftari ndipo nilipoganda. Salio langu baada ya laasiri nililiandika mwenyewe: 96,200. Ongeza 180,000. Hesabu ya darasa la tatu. Hizo 412,350 zimetoka wapi?

Nikairudia meseji, safari hii kwa macho ya mtu aliyeshiba. Haikuja kwa jina la huduma. Ilikuja kwa namba ya kawaida, tarakimu kumi kuanzia sifuri, kama ya mtu yeyote. Yule kijana alikuwa na mwenzake pahala, au simu ya pili mfukoni, na maneno yameandikwa kwa kunakili ya kweli. Hata vituo na herufi kubwa walivipatia. Mume wangu hakusema neno. Alinisogezea sahani ya tende tu, nami nilifuturu kwa machozi.

Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao siuvunji hata akija mtoto wa mamangu. Meseji ya pesa siiamini, naamini salio. Meseji ikilia, naiweka chini simu, naingia mwenyewe kwenye menyu na kutazama salio. M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Kila mtu anaijua ya mtandao wake, na ndiyo unayotakiwa kuibonyeza kwa kidole chako mwenyewe. Pesa ikiwa imeingia, salio litakuwa limepanda kwa kiasi kile kile. Haikupanda, hapana kilichoingia, hata meseji iwe imepambwa vipi. Anayeuza pweza, anayekodisha gari, anayeuza simu ya mkononi ya mtumba, nyote hili linawahusu. Mteja akikuonesha skrini ya simu yake kwamba "tayari nimetuma", mwambie ngoja nitazame kwangu. Mkweli atangoja. Mwenye haraka muache aende na haraka yake.

Jambo la pili ni kumtazama aliyeleta. Meseji za kweli za huduma ya pesa huja kwa jina la huduma na hukaa pamoja na zile za zamani, mfuatano mmoja. Hii mpya ikikaa peke yake, chini ya namba ya mtu, basi. Nimeiweka ya pili makusudi, kwa sababu jina la juu unaweza kulisoma vibaya jioni bila miwani. Salio halihitaji miwani, likishindikana unamuomba mtoto akusomee tarakimu.

"Samahani, nimekosea namba"

Hii ni ndugu ya hiyo. Inakuja meseji kuwa umepokea 70,000. Dakika moja, simu inalia, mtu analia nayo: "Ndugu yangu nimekosea, hizo ni za matibabu ya mtoto, nirudishie tafadhali." Wapemba tuna huruma, na tunaogopa haramu. Mtu hajatazama hata salio, kashatuma 70,000 zake mwenyewe.

Tazama salio kwanza. Kama hakuna kilichoingia, kata simu.

Na kama kweli zimeingia? Hapo ndipo wengi hukosea kwa wema. Usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige 100 kwa mtandao wake aombe muamala urudishwe, na wewe usizitumie zile pesa, ziache zikae. Ukimtumia mwenyewe, naye akaomba urejesho huko kwenye mtandao, anaweza kuzipata mara mbili, na ya pili ni yako. Aliyekosea kweli hana hasara kwa kufuata njia hiyo. Atasumbuka kidogo, ndiyo, lakini pesa zake zitarudi kwa njia yenye kumbukumbu.

Meseji inapogeuka simu

Siku hizi meseji huwa ni mlango tu. Nyuma yake kuna simu. "Ndugu mteja, laini yako itafungwa leo saa nane, utapigiwa na mhudumu." Kisha anapiga mtu ana Kiswahili cha ofisini, anakutaja kwa majina yako matatu. Hapo watu huishiwa nguvu: kanijuaje?

Kakujua kwa njia ile ile niliyoieleza juu. Yeyote akianza kutuma pesa kwenda namba yako, simu yake itamuonesha jina lako kabla hajathibitisha. Analisoma, anaghairi, anakupigia. Shilingi haimtoki. Kwa hiyo jina lako si siri, na anayelijua hajathibitisha lolote.

Mhudumu wa mtandao akikupigia, hupiga kwa namba 100. Si kwa 06 wala 07 fulani. Huyo wa 07 hata akiwa na sauti ya malaika, si wao. Na wa 100 mwenyewe hatakuuliza namba ya siri. Hapana mtu duniani mwenye haja na namba yako ya siri isipokuwa wewe na kidole chako. Hata mie wakala wako nikikuuliza, nihame.

Nilimkuta mzee mmoja nje ya kibanda changu yuko katikati ya simu ya namna hiyo. Simu ya pili sikioni, ya kwanza mkononi, anaamrishwa: bonyeza nyota mia na hamsini, haya bonyeza moja, haya weka "namba ya uhakiki", haya weka "kodi ya uhakiki", yaani code. Nikachungulia. Ile "namba ya uhakiki" ilikuwa namba ya simu. Ile "kodi" ilikuwa 140,000. Mzee alikuwa yumo ndani ya menyu ya kutuma pesa, kabakisha namba ya siri tu. Nilimnyang'anya simu kwa nguvu, na alinikasirikia kweli, kasema nimemuaibisha mbele za watu. Baada ya Isha alikuja nyumbani na kikapu cha madafu.

Kwa hivyo usibonyeze kitu kwa kuongozwa na aliyekupigia. Si menyu ya pesa tu. Kuna na wanaokwambia ubonyeze kitu kinachoanza na *21* au **21* ikifuatiwa na namba na alama ya reli (#). Hiyo huhamisha simu zako ziende kwa mwengine, na wewe hutajua mpaka watu waanze kukulaumu kuwa hupokei. Ukishaibonyeza kwa bahati mbaya, bonyeza ##002# upige, itaufuta uhamisho huo.

Na zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji bila kuomba? Kisha anakuja mtu, pengine kwa jina la rafiki yako aliyekwisha ibiwa akaunti, anakwambia "nimekosea kutuma kodi kwako, nisomee". Ukimsomea, WhatsApp yako imehama, na baada ya robo saa jamaa zako wote wanaombwa mkopo kwa jina lako. Tarakimu hizo hazisomewi mtu.

Wanasema "shule"

Hapa nitasema jambo ambalo sijaliona likiandikwa, ingawa wenyeji tunalijua. Meseji nyingi za kitapeli zinazotufikia huku hazikuandikwa na mtu wa huku, na lugha yake inamfichua.

Jirani yangu alipata hii: "Habari mama, mimi ni mwalimu wa shule anayosoma mwanao. Ameanguka yuko hospitali, daktari anahitaji hela ya vipimo 60,000 haraka." Alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, anataka nimkopeshe. Nikamkalisha. Nikamwambia isome tena. Mwalimu gani wa Konde ataandika "shule"? Huku ni skuli, tangu kwa bibi zetu. "Hela" tunaisikia kwa wageni; sisi tunasema pesa. Na mwalimu wetu gani ataanza kwa "habari mama" bila ya asalamu alaykum, na bila ya kulitaja jina la mtoto? Tukamtuma kijana kwa baiskeli. Alirudi anacheka: mtoto yupo uwanjani anacheza nage.

Utaona pia meseji haikutaja hospitali gani. Wala jina la mtoto, wala darasa. Ni "ile" kwa sura nyengine. Pengo anajaza mama.

Lakini alama hii ya lugha msiiegemee sana. Mwaka uliofuata nilisomewa moja iliyoanza kwa salamu kamili, ikasema "bibi, mie mjukuu wako wa Unguja, simu yangu imeingia maji, hii ya mwenzangu". Kiswahili cha kwetu kabisa. Kwa hiyo kwetu nyumbani tuna swali. Mtu wetu yeyote akiomba pesa kwa namba ngeni, huulizwa jambo dogo la nyumbani ambalo halimo kwenye simu wala kwenye mitandao. Letu siwezi kuliandika hapa, ila lina uhusiano na mbuzi. Mwanangu liliwahi kumkuta kwa kweli: simu imeibwa, kapiga kwa namba ya rafiki, na mie nikamuuliza. Alikasirika, lakini alijibu, nikatuma.

Kidole chako

Wale vijana wa miamvuli wanaosajili laini sokoni wengi ni watu safi, wanatafuta rizki. Lakini tangu usajili uwe wa alama za vidole, kidole chako ni mali. Ukisajili laini moja, ukaambiwa "haijasoma, weka tena", na tena, na tena, uliza inasoma nini. Pengine inasajiliwa laini ya pili kwa jina lako, na hiyo ndiyo itakayokuja kutumika kuandikia watu "ile pesa". Piga *106#, fuata maelekezo, utaoneshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiiona usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao wenyewe wakaifute. Nilipowafanyia hivi wateja wangu siku moja ya gulio, watu wawili walikutwa na namba wasizozijua. Mmoja hata simu ya pili hajawahi kumiliki.

Na laini yako ikikata mtandao ghafla, wenzako wa mtandao huo huo wanapata, usilale nayo. Huenda kuna mtu kaichukua upya huko aliko. Azima simu, piga huduma kwa wateja saa ile ile.

Umeshatuma?

Basi usikae ukajilaumu, kuna la kufanya na linataka kasi. Piga 100 hapo hapo, kabla ya kumueleza mtu yeyote kisa. Waambie kiasi, saa, na namba iliyopokea, waombe wazuie. Pesa ikiwa bado imo kwenye akaunti ya yule mtu, kuna matumaini. Ikishatolewa kwa wakala huko iliko, hairudi kwa simu. Hapo ni polisi. Nenda kituo na meseji yenyewe, usiifute. Najua unataka kuifuta, inauma kuiona, lakini ndiyo ushahidi wako. Usije ukaambiwa kuwa tapeli yuko Bara hivyo haiwezekani: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafika mpaka huku.

Hata kama hukutuma kitu, ile meseji ipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti iliyowekwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Unaipeleka kama ilivyo, kisha utajibiwa uandike namba iliyokutumia. Mie hufanya hivyo kwa kila ya mteja kabla sijaifuta kwake. Inachukua muda mdogo kuliko kumenya chungwa.

Yule bibi wa Tumbe wa milioni kumi huja kila Ijumaa asubuhi, na meseji zake kaziweka zote, hafuti hata moja, ili tuzipeleke pamoja. Wiki iliyopita alikuwa nazo tatu. Mbili tulizituma 15040. Ya tatu ilisema kapokea 20,000, na jina la mjukuu wake. "Hii nayo wapelekee," akanambia, "mtoto yule hajawahi kunikumbuka." Nikabonyeza menyu, akaweka namba yake ya siri mwenyewe, mgongo kanigeuzia kama nilivyomfunza. Salio likaja. Akanipa simu nimsomee, kisha akaniomba nisome tena.

"Nitolee kumi," akasema. "Na umpigie. Kwa namba yake ile ya zamani."